Daftari la Wasomaji

Don Evaristo alikufa Jumanne, toleo jipya bado bichi kwa wino,
nasi tukabishana juu ya upana wa ukingo mweusi.
Zulma alitaka mnene. Mimi, msahihishaji, nikasema mwembamba:
marehemu hakupenda wino upotee bure.

Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye meza ile ya dirishani,
ghorofa ya tatu, Montevideo, bandari ikikoroma chini,
nikiwinda nukta kama mtu anayechambua mchele.
Jarida letu linaitwa *Esquila*.
Kwetu neno hilo ni kengele ya shingoni mwa mnyama,
na ndilo hilohilo la kunyoa kondoo.
Kunyoa kulimpa yeye fedha. Kengele akatuachia sisi.

Wasia ulisomwa kwa wakili, kiyoyozi kikidondosha maji.
Mpwa wake, Fabricio, miwani ya jua juu ya kichwa,
aliuliza swali moja: "Hili gazeti linaingiza nini?"
"Wasomaji mia sita na kumi na wawili," Zulma akamjibu,
kwa sauti ya mtu anayetaja ekari.

Basi tukaletewa daftari la anwani,
lile ambalo Mzee hakutaka mtu aliguse.
"Bahasha niachieni mimi," alikuwa akisema,
nasi tukadhani ni ukaidi wa tajiri.

Bentancor, mpiga chapa, ndiye aliyeona kwanza.
"Huyu nilimzika mimi," akasema, kidole juu ya jina,
"mwaka ule wa ukame."
Na huyu pia. Na huyu, nyumba yake ni daraja.
Na Bi Blanquita wa Durazno
ni kondoo aliyeshinda kikombe cha maonyesho.

Tukahesabu mpaka chai chungu ikapoa ndani ya kibuyu.
Walio hai: mia mbili thelathini na tisa.
Waliobaki walikuwa mfuko wake.

Zulma alicheka. Kisha akaenda msalani, akakaa sana.
Miaka yote hiyo, kila aliponung'unika mmoja wetu
"nani anatusoma?",
Mzee aliongeza majina kumi,
kama mama anayetia maji kwenye mchuzi wageni wakizidi,
ila yeye alitia wageni, mchuzi ukabaki uleule.

Ghala lake la sufu liko nyuma ya reli.
Tulifungua kufuli Alhamisi. Marobota hayakuwapo;
palikuwa na bahasha hadi darini,
kila moja na stempu yake isiyopigwa muhuri,
zikinuka mafuta ya kondoo.
Nikasimama mbele ya umri wangu wote,
haujasomwa, hauna kosa.

Makosa yalikuwapo.
Kando ya kiti cha kukunja na taa ya mezani
palikuwa na rundo dogo, nakala moja ya kila toleo,
kurasa zimekunjwa masikio,
penseli imepita mstari kwa mstari:
toleo la hamsini na nane, ukurasa wa arobaini na moja,
herufi niliyoiruka, kaizungushia duara.
Hakuniambia kamwe.

Fabricio ametupa mpaka Desemba.
Jengo litakuwa hoteli; dirisha langu, bafu la mtu.
Zulma anasema tupunguze kurasa.
Bentancor anasema karatasi ya kufungia nyama ni rahisi
na inashika wino vizuri kuliko mnavyodhani.
Mimi sijasema kitu.

Jumapili nilibeba mafurushi mawili
mpaka soko la vikorokoro,
nikayapanga kati ya muuza vitasa na muuza kasuku.
Kijana mmoja alichana bahasha, akafungua katikati,
akasoma amesimama, midomo ikitembea.
Sikumtajia bei.
Mia mbili na arobaini, nikasema moyoni.
Kisha akalirudisha, akanunua kitasa.

Nimemhesabu hata hivyo.